Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Jina la ugonjwa aghalabu hubeba hukumu ndani yake. Sisi Waswahili maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na maneno hayo mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu: la kwanza ni baridi hii tunayoijua sote, na la pili ni ukavu. Waganga wa kale wa Kiarabu, ambao nao walirithi elimu ya Wayunani, walifundisha kwamba mwili wa binadamu umejengwa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu, na kwamba afya ni mizani ya vitu hivyo vinne. Mwenye viungo vilivyokakamaa alidhaniwa kuwa amezidiwa na baridi na ukavu. Wayunani wenyewe waliuita kwa neno lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa waliamini kuna majimaji mabaya yanayochuruzika kutoka kichwani na kutua viungoni. Huyu alisema kavu, yule akasema maji. Lakini wote walikubaliana kwamba kisa kimetoka nje: hali ya hewa, chakula, au mwenendo wa mgonjwa mwenyewe.

Hapo ndipo hukumu inapojificha. Ikiwa ugonjwa ni baridi, basi mgonjwa aliifuata baridi. Kwa nini alioga maji ya kisimani ametoka jikoni kwenye moto? Kwa nini alifua usiku? Kwa nini alilala chini siku ya arubaini haijatimia? Nimeyasikia maswali haya tangu utotoni, na karibu kila mara aliyeulizwa alikuwa mwanamke.

Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi binadamu alivyokuja kugundua kwamba sehemu kubwa ya magonjwa haya haiji na upepo wala maji, bali inafanywa na walinzi wetu wenyewe walio ndani ya damu. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu, nikasomea chuo cha ualimu na kustaafu nikiwa mwalimu mkuu, na elimu yangu ya tiba ni ile ya mtu anayesoma kila karatasi inayomfikia. Lakini historia hii ina mambo mawili yanayomhusu mwalimu moja kwa moja. La kwanza ni jinsi neno la mwalimu mkubwa linavyoweza kugeuzwa sheria na wanafunzi wake. La pili nitalieleza mwishoni, nalo linahusu watoto wenye maumivu ya koo.

Tuanzie Ujerumani, mjini Frankfurt, mwanzoni kabisa mwa karne ya ishirini. Alikuwapo mtaalamu mmoja jina lake Paul Ehrlich, aliyezaliwa mwaka 1854, mtu wa akili nyingi ambaye mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba mwili ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza vitu ndani ya damu vya kukipinga kitu hicho. Leo tunaviita kingamwili. Ehrlich na mwenzake Julius Morgenroth wakajiuliza: je, mwili unaweza kutengeneza kingamwili za kujipinga wenyewe? Wakachukua mbuzi, wakamdunga damu ya mbuzi wengine. Mbuzi yule akatengeneza vitu vya kuyeyusha chembe za damu ya wenziwe, lakini chembe za damu yake mwenyewe hazikuguswa.

Kutokana na majaribio hayo Ehrlich akatunga msemo wa Kilatini wenye maana ya hofu kuu ya kujitia sumu. Alitaka kusema kwamba mwili unaogopa mno kujidhuru, na una namna fulani za kujizuia usifanye hivyo. Naomba msomaji ayashike vema maneno haya, kwa maana tutayarudia. Ehrlich hakusema kwamba jambo hilo haliwezi kutokea kabisa. Alisema kuna kizuizi, na kizuizi chochote chaweza kushindwa. Lakini waliokuja nyuma yake, kwa kumstahi mno, waliufupisha usemi wake ukawa: haiwezekani. Naam, na neno haiwezekani likitoka kwa mkubwa huwa ni ukuta.

Ukuta ule ulitobolewa mapema, ila tundu halikutazamwa. Mwaka 1904, mjini Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walichunguza wagonjwa wa ajabu ambao wakipigwa na baridi kali hukojoa mkojo mweusi. Landsteiner ndiye yule yule aliyegundua makundi ya damu, ugunduzi uliotangazwa mwaka 1901. Walibaini kwamba katika damu ya wagonjwa hao mlikuwa na kingamwili ambayo, damu ikipoa, hujibandika kwenye chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe, na damu ikipata joto tena chembe zile hupasuka. Ushahidi ulikuwa mezani: mwili ulikuwa ukijila. Na tazama kichekesho cha mambo, kwamba hapa kwa mara moja baridi ilikuwa na sehemu yake ya kweli, kwa kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Lakini mwizi alikuwa tayari ndani. Hata hivyo ugonjwa huo ni wa nadra, ukahesabiwa kuwa ajabu ya peke yake, na kwa takribani miaka arobaini na zaidi wengi wa wakubwa wa elimu hiyo waliendelea kusema haiwezekani.

Wakati huo wote wagonjwa wa viungo walikuwapo. Mfaransa Augustin Jacob Landré-Beauvais alikwisha kuuandika ugonjwa wao mwaka 1800 katika tasnifu yake ya Paris, akieleza wanawake tisa. Naye Mwingereza Alfred Baring Garrod akautenga na jongo na kuupa jina lake la kitaalamu mwaka 1859. Ni ugonjwa unaoanza aghalabu kwenye vidole vya mikono, mikono yote miwili kwa pamoja. Viungo huvimba, asubuhi hukataa kukunjika, na baada ya miaka vidole hupinda upande kama mche uliolaliwa na upepo. Huwapata wanawake mara mbili hata tatu zaidi ya wanaume. Walipewa aspirini, walipewa mapumziko, na tangu mwaka 1929 walidungwa hata dhahabu, kwa kuwa Mfaransa Jacques Forestier alidhani ugonjwa huu ni ndugu wa kifua kikuu. Dhahabu iliwasaidia baadhi yao, ingawa sababu aliyoifuata haikuwa sahihi.

Mwaka huo huo wa 1929, huko Marekani, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic alimsikiliza mgonjwa wake vizuri. Mgonjwa yule wa viungo alikuwa amepatwa na umanjano, na tangu siku hizo maumivu ya viungo yamemwacha. Hench akaanza kuuliza wengine. Akakuta pia kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu wakiwa wajawazito, na wakishajifungua maumivu hurudi. Akafikiri hivi: ikiwa ugonjwa unaweza kuondoka kwa wiki kadhaa, basi viungo havijaharibika moja kwa moja, na mwilini mna kitu kinachoweza kuutuliza. Kitu hicho alikitafuta kwa karibu miaka ishirini. Mwenzake wa hapo hapo, mkemia Edward Kendall, alikuwa akichambua utomvu wa tezi ndogo zilizo juu ya figo, na mmojawapo wa michanganyiko aliyoipata ndio uliokuja kuitwa kotizoni. Tarehe 21 Septemba 1948 Hench alianza kumdunga dawa hiyo mwanamke wa miaka 29 ambaye alikuwa hajiwezi. Baada ya siku chache mama yule aliinuka, na kabla ya wiki mbili kutimia alikwenda mjini kununua vitu madukani. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa ilibaki shida ya mali ghafi. Kotizoni ya kwanza ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua za kikemia zaidi ya 30, na nyongo isingetosha dunia. Watu wakatumwa kusaka mimea hata katika misitu ya Afrika. Mwaka 1951 wataalamu watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba kitu kinachofaa kinapatikana katika maji ya taka za mkonge. Kitu hicho kinaitwa hekojenini, na umbo lake ni jirani wa umbo la kotizoni kiasi kwamba mkemia stadi anaweza kuligeuza. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaichukua hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki na kutengenezea dawa za ukoo wa kotizoni.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza, niliweka kitabu chini. Mimi nimekulia katika kambi ya mkonge mkoani Tanga, na baba yangu alikuwa mkata mkonge, mmoja wa wale waliotoka mbali na kuitwa manamba. Kila mtoto wa kambi anaijua harufu ya korona, mashine inayoyaponda majani. Katika kila kilo 100 za majani, zinazobaki kuwa singa ni kilo nne hivi; zilizosalia ni makapi na maji ya kijani yanayowasha ngozi, yaliyotiririshwa kwenye mifereji mpaka mto ukanuka. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na inaelezwa kwamba katika shehena nzima ni miche 62 tu iliyofika hai. Tulifundishwa kwamba mkonge ni kamba na magunia. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya maji yale tuliyoyakimbia mlikuwa na dawa ya viungo.

Na dawa ya viungo ilihitajika nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa, ambaye majirani walimwita Mama Rehema, aliugua mwaka 1966 akiwa na miaka 26, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Ilianza mikononi. Kwanza alishindwa kukamua tui la nazi, halafu kufunga khanga, halafu kumbeba mtoto. Tangu hapo maswali yakaanza. Wakwe walisema alioga maji ya baridi kabla ya arubaini. Wengine walisema ametupiwa kitu na mke mwenza, ingawa mumewe hakuwa na mke mwingine. Alichanjwa chale, alifukizwa, alifungwa majani ya mbarika. Mwaka wa tatu mumewe alimrudisha kwetu, na hakuja tena.

Katika miaka ya 1970 alipata vidonge vya prednisoloni, ambayo ni ya ukoo wa kotizoni. Siwezi kusema kwamba vidonge vyake vilitoka katika mkonge, maana dawa hizi zilitengenezwa kwa njia nyingi. Vilimwinua kweli kweli, alisimama akapika. Aliyemuuzia hakumweleza kwamba dawa hii haikatizwi ghafla wala hainywewi miaka na miaka pasipo kuangaliwa. Uso ukavimba ukawa mviringo, watu wakampongeza kwamba amenawiri. Mifupa ikaisha nguvu. Mwaka 1989 alivunjika nyonga kwa kujikwaa kizingitini. Hayo hayo yalikuwa yamewatokea wagonjwa wa Marekani mara tu baada ya shangwe za mwaka 1950, na Hench mwenyewe aliyaona. Kotizoni ilizima moto, lakini moto ulikuwa umewashwa na nani? Swali hilo dawa haikulijibu.

Jibu lilikuwa likijengwa kwingine, tofali kwa tofali. Huko Norwe, Erik Waaler alieleza mwaka 1940 kwamba katika damu ya wagonjwa wa viungo mna kitu kisichokuwamo kwa watu wengine. Baadaye ikajulikana kwamba ni kingamwili inayozipinga kingamwili nyingine za mtu huyo huyo. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic waliona kwa hadubini, katika wagonjwa wa lupasi, chembe nyeupe iliyomeza kiini cha chembe nyingine. Lupasi ni ugonjwa unaoshambulia ngozi, viungo, figo, damu, hata ubongo, na katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Kisha akaja kijana Noel Rose, katika mji wa Buffalo nchini Marekani. Mwalimu wake alikuwa Ernest Witebsky, mzaliwa wa Frankfurt, aliyefundishwa na Hans Sachs, ambaye naye alifanya kazi chini ya Ehrlich. Yaani Witebsky alikuwa mjukuu wa Ehrlich kielimu. Rose alikuwa akidunga sungura utomvu wa tezi ya thairodi, tezi ya shingoni ambayo ikivimba tunaita rovu. Akawadunga utomvu wa sungura wenzao, na hatimaye utomvu wa tezi zao wenyewe. Sungura wale wakatengeneza kingamwili dhidi ya tezi zao, na tezi zikaharibika. Witebsky hakuamini. Ilikuwa kinyume cha yote aliyofundishwa. Akataka majaribio yarudiwe tena na tena, miaka ikapita, na matokeo yakachapishwa mwaka 1956. Mwaka huo huo, London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha kingamwili za aina hiyo katika damu ya binadamu wenye ugonjwa wa tezi hiyo, ule ulioelezwa kwanza na Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912.

Mimi namheshimu sana Witebsky. Alikuwa na haki ya kushuku, kwa maana jambo kubwa linataka ushahidi mkubwa. Na ushahidi ulipotimia alitia saini yake juu ya karatasi iliyovunja mafundisho ya babu yake. Nimewahi kuwaona walimu, wala si wachache, ambao wangeiweka karatasi ile kabatini.

Tangu hapo mlango ulifunguka. Kisukari cha watoto, magonjwa kadhaa ya tezi, lupasi, baridi yabisi ya viungo, yote yakaanza kuonekana kuwa ni ukoo mmoja: kinga iliyopotea njia. Wahenga wetu walikwisha kusema, kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakizungumzia watu, lakini msemo unauenea ugonjwa huu barabara.

Hata Afrika ilitoa swali lake. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan nchini Nigeria, aliandika kwamba magonjwa haya yalionekana mara chache mno katika wagonjwa wa hospitali ile. Akauliza kama malaria na minyoo, kwa kuishughulisha kinga tangu utotoni, huifanya isahau kujishambulia. Ni fikra yenye nguvu, nayo inaendelea kuchunguzwa. Lakini naongeza la kwangu: mgonjwa aliyepelekwa kwa mganga, au aliyerudishwa kwao na mumewe, haandikwi katika daftari la hospitali.

Malaria ilitoa na zawadi nyingine. Katika Vita Kuu ya Pili askari walipewa vidonge vya mepakrini kwa ajili ya malaria, na mwaka 1951 daktari Page wa Uingereza akaeleza kwamba dawa hiyo inawasaidia wagonjwa wa lupasi. Ikafuata klorokwini, kisha ndugu yake haidroksiklorokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1955. Klorokwini ile chungu, iliyotuwasha mwili mzima, Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vimeizoea. Haidroksiklorokwini hadi leo ni nguzo ya tiba ya lupasi ulimwenguni.

Kwa viungo, mabadiliko makubwa yalikuja na dawa mbili. Ya kwanza ni methotreksati, dawa ya saratani ambayo kwa kipimo kidogo, mara moja tu kwa wiki, inaituliza kinga. Iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988, na bei yake si ya kutisha. Ya pili ilizaliwa London. Marc Feldmann na Ravinder Maini waligundua umuhimu wa protini moja inayopeleka habari za vita kutoka chembe hadi chembe, na wakafikiri kwamba mjumbe huyo akizuiwa, jeshi zima litapoa. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa wachache wa hospitali ya Charing Cross kingamwili iliyotengenezwa ya kumkamata mjumbe huyo. Wagonjwa walioshindwa kupanda ngazi walipanda. Dawa hiyo, infliksimabu, iliidhinishwa kwa ugonjwa wa viungo mwaka 1999, na nyingine za aina yake zikafuata. Kasoro zake ni mbili: hulegeza ulinzi, kiasi kwamba kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, na bei yake ni ya watu wenye bima nzuri. Dada yangu alifariki mwaka 2003 bila kuiona hata moja ya dawa hizi mbili. Vidole vyake wakati huo vilikuwa vimelala upande kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa turudi kwa Ehrlich, kama nilivyoahidi. Alisema mwili una namna ya kujizuia. Kwa miaka mingi baada ya 1956 ilionekana kana kwamba alikosea tu. Lakini Mjapani Shimon Sakaguchi hakukata tamaa na swali lake: ikiwa kila mmoja wetu ana chembe zinazoweza kumshambulia, kwa nini wengi wetu hatuugui? Ilijulikana kwamba kichanga wa panya akiondolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yake hujigeuza dhidi yake. Mwaka 1995 Sakaguchi alionyesha aina ya chembe nyeupe ambazo kazi yake si kupigana, bali kuwatuliza wanaopigana. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, nchini Marekani, walipata jeni ambayo ikiharibika walinzi hawa hukosekana, na mtoto huzaliwa na kinga inayomtafuna. Mwaka 2025 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel. Ikawa dhahiri kwamba Ehrlich alikuwa ameigusa kweli. Kizuizi kipo, nacho huweza kushindwa, na ni wafuasi wake waliokuwa wameusahau upande wa pili wa sentensi.

Utafiti wa sasa unakwenda mbali zaidi ya kutuliza. Mwaka 2021, katika mji wa Erlangen, Ujerumani, Georg Schett na wenzake walieleza habari za binti wa miaka 20 aliyekuwa na lupasi kali. Walichukua chembe zake nyeupe, wakazigeuza maabara ili ziwasake watengenezaji wa kingamwili zile potovu, wakamrudishia. Ugonjwa ulinyamaza. Mwaka 2024 kundi hilo lilieleza wagonjwa 15 wa magonjwa ya ukoo huu waliotibiwa hivyo. Wote walipata nafuu kubwa na waliweza kuachishwa dawa zao za kutuliza kinga. Ni idadi ndogo, ni tiba ghali mno, na miaka ndiyo itakayosema kama nafuu inadumu. Lakini kwa mara ya kwanza watu wanathubutu kulitamka neno kupona.

Msomaji ataniuliza: na sisi je? Tiba ya Erlangen itatufikia lini? Hilo siwezi kulijibu. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa ukoo huu ambao dawa yake ni ya zamani na ya bei ndogo, na ndilo jambo la pili nililoahidi. Mtoto akiumwa koo kwa vijidudu vinavyoitwa streptokoki, kinga yake hutengeneza silaha za kuvipiga. Kwa bahati mbaya sehemu za vijidudu hivyo zinafanana na sehemu za moyo na viungo vya mtoto. Silaha zikipotoka, mtoto hupata homa na maumivu ya viungo yanayohamahama, leo goti, kesho kiwiko. Viungo hupoa, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu. Miaka kumi baadaye yule tuliyemwona mvivu wa mchakamchaka anavimba miguu na kuhema kitandani. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa nadra. Kwetu bado unaua vijana, na unaua kina mama wakati wa uzazi.

Jirani zetu wa Uganda wametoa ushahidi ambao kila mwalimu mkuu anapaswa kuujua. Katika eneo la Gulu, watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilionyesha dalili za mwanzo kwa kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Jingine lilifuatiliwa tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3, sawa na asilimia 0.8. Katika wasiochomwa, uliendelea kwa 33, sawa na asilimia 8.2.

Penisilini haihitaji maabara ya Erlangen. Inahitaji mtoto mwenye koo kali na homa asirudishwe darasani kwa kuambiwa kwamba ni mafua, na anayelalamika kuwa magoti yanahama maumivu asiambiwe kwamba anakua. Walimu wapya wanaokuja kunisalimu nyumbani nawapa takwimu hizi za Gulu wazinakili. Nawaomba wazibandike katika ofisi ya walimu, karibu na daftari la mahudhurio, mahali ambapo mtu analazimika kuziona kila asubuhi.